Ukurasa wa Arobaini na Moja

Nakuru,
10 Februari 1957

Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Mau Summit haijaanza tena kuuma ule mguu wako. Mimi sijambo, nakula vizuri, nasoma.

Kabla sijasahau, ukinijibu tafadhali andika kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu. Mwaka huu tuna Matron mpya, naye husoma kila barua inayoingia na inayotoka. Asiyoielewa haipiti. Hata hii ataisoma, kwa hiyo namsalimu pia.

Sasa nikuambie habari. Mwalimu wetu Bi. Eucabeth ameleta sanduku la riwaya, zote mpya, na zimeandikwa kwa ajili ya vijana wa umri wetu. Ametuandikia ubaoni orodha ya zile anazotusihi tusome. Kuna moja ya mwaka wa nzige, kuna ya kijana aliyejifundisha kutengeneza redio, na nyingine nyingi. Kila msichana achague moja, aisome, kisha aitume kwa mtu wa nyumbani pamoja na swali moja la kujibu. Wenzangu wamewatumia kaka zao. Mimi sina kaka, na tangu Mama alale ninaye wewe tu, basi nimekutumia wewe.

Kitabu kinaitwa Mlango wa Jikoni. Soma polepole. Ukurasa wa arobaini na moja usiuruke. Swali ni hili: kama wewe ungekuwa baba yake Nyakio, ungefanya nini?

Mtoto wako akupendaye,
Chepkurui

*

Stesheni ya Mau Summit,
17 Machi 1957

Kwako mama yangu mdogo Chepkurui,

Pokea salamu zangu, na za mbwa, na za jirani zetu hapa kwenye nyumba za landi ya reli, Obura wa taa za reli pamoja na mkewe Awuor. Sote tu wazima. Matron naye namsalimu, maana najua sasa hivi ananisoma.

Kitabu kilifika. Nilicheka nilipoona wameandika mbele kwamba ni cha vijana. Nina miaka hamsini na mbili, nikasema labda nitafukuzwa. Lakini nilikianza Jumamosi baada ya kupitisha gari la mizigo, na mama, sikukiweka chini. Chai ilichemka mpaka ikakauka kwenye sufuria.

Yule mtoto Nyakio amenitesa moyo. Msichana ametumwa shule na baba yake, kufika huko mkuu wa bweni anamtoa darasani ili ambebee mtoto wake mchanga! Ukurasa ule ulioniambia niliusoma mara tatu. Anasimama nje ya dirisha la darasa, mtoto mgongoni, anasikiliza wenzake wakisoma, na midomo yake inafuata. Na baba yake kule nyumbani anapokea barua za "mimi ni mzima" na anaamini. Mjinga yule! Ningekuwa karibu naye ningemtikisa.

Jumapili baada ya ibada nilikisoma kwa sauti mbele ya watu wote wa landi. Awuor alilia. Tulisimama tukamwombea Nyakio, na tunamwombea kila Jumapili tangu hapo. Obura aliniuliza kando kama ni salama siku hizi za hali ya hatari na Mau Mau kumwombea Mkikuyu mbele ya watu. Nikamwambia mtoto ni mtoto.

Sasa nina ombi. Muulize mwalimu wako huyo Nyakio yuko shule gani. Kama baba yake hawezi, mimi nitamchukua. Kitanda cha mama yako kiko, blanketi ziko, na nyumba hii imekuwa kimya sana. Napika chai ya kikombe kimoja. Ukija likizo mtakuwa wawili, mtasoma pamoja, nami nitawasikiliza.

Gari la tarehe kumi na tatu mwezi ujao nitalingoja mwenyewe. Maziwa ya kibuyu nimeanza kuyatayarisha.

Baba yako,
Micah arap Ng'eno

*

Nakuru,
14 Aprili 1957

Baba mpendwa,

Salamu. Natumaini hujambo, na mguu pia.

Nisamehe kwa jana. Najua ulingoja gari. Matron ameniomba nibaki likizo hii nimsaidie kazi kidogo, na Bwana Mkuu wa shule amekubali. Bi. Eucabeth amehamishwa, ameenda Kisumu. Tumebaki wachache sana shuleni na usiku bweni ni kubwa.

Baba, kuna jambo inanilazimu nikuambie. Nyakio hayuko. Hakuna shule ile, wala baba yule. Riwaya ni hadithi ambayo mtu ameketi akaibuni kichwani. Matron aliisoma barua yako kwa sauti jikoni mbele ya mpishi, akacheka mpaka akatafuta kiti. Alisema, "Kumbe kuna watu bado wanaombea wasichana wa karatasi." Nilikuwa nimesimama pale. Tafadhali waambie watu wa landi waache.

Lakini swali hukulijibu. Naomba ulijibu.

Mtoto wako,
Chepkurui

*

Stesheni ya Mau Summit,
5 Mei 1957

Chepkurui,

Salamu. Mimi mzima.

Nililingoja gari la saa kumi, na la saa kumi na mbili, kisha nikangoja lile la kesho yake. Maziwa nilimpa Awuor.

Nimekasirika na sitaki kukuficha. Maisha yangu yote nimemiliki vitabu vitatu, Biblia, kitabu cha nyimbo na kitabu cha sheria za reli. Hakuna hata kimoja kilichonidanganya. Kama kitabu cha reli kinasema gari linapita saa nane, gari linapita, na ukisimama njiani utakufa. Sasa mtu mzima anaketi, anaandika uongo kurasa mia, anaupiga chapa, na walimu wanawapendekezea watoto? Mbele ya mke wa Obura nimelia kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Wale watu bado wananiuliza kila Jumapili, "Mzee, Nyakio anaendeleaje?" Niwaambie nini?

Na wewe umeacha Matron anicheke. Hata karatasi ya kuniandikia umekosa. Nimelipa ada, madaftari ni sehemu ya ada, lakini unaniandikia kwenye kipande kigumu, nyuma kimechorwa kitoto kinene kinachocheka. Ndiyo heshima unayofundishwa huko?

Swali lako sitalijibu. Baba wa mtu asiyekuwepo naye hayuko.

Baba yako,
Micah

*

Nakuru,
16 Juni 1957

Baba mpendwa,

Hujambo? Mbwa hajambo? Ni wiki sita sijapata barua. Kila Ijumaa Matron akigawa barua nasimama mahali anaponiona, na jina langu haliitwi. Najua umekasirika. Una haki.

Samahani kwa karatasi. Hii ndiyo niliyo nayo.

Huku ni salama. Majina ya watakaofanya mtihani wa darasa la nane yanapelekwa Ijumaa, tarehe ishirini na sita Julai, kisha orodha inafungwa mpaka mwaka ujao. Kwenye kile kitabu Nyakio naye alikuwa na tarehe kama hiyo, sijui kama ulifika huko. Iko karibu na mwisho. Baba yake hakusoma mpaka mwisho.

Usiku nikikosa usingizi nawahesabu watu wa landi kwa majina, kila mlango, mpaka nifike wetu.

Baba, lile swali ni kazi ya shule tu. Bi. Eucabeth ameondoka lakini mimi bado nangoja jibu lako. Hata mstari mmoja.

Mtoto wako,
Chepkurui

*

Stesheni ya Mau Summit,
14 Julai 1957

Kwako mama yangu mdogo, Chepkurui, mpendwa sana,

Salamu nyingi, nyingi kuliko zote nilizowahi kuandika. Natumaini unakula. Mguu usiuulize, haujambo. Na kwa Matron, ambaye najua yuko nasi hapa, salamu za heshima.

Nisamehe kwa kimya. Nilikaa na hasira yangu humu ndani kama mtu aliyefungiwa na moshi. Barua yako ya mwisho nilikuwa nimeiacha mezani. Juzi Awuor alileta uji, na wewe unamjua, hajui a wala be. Aliichukua kwa ajili ya ile picha ya nyuma. Amelea watoto sita mama yule, wawili kwa maziwa ya kopo. Aliitazama, akaniuliza swali dogo kuhusu kile kitoto kinene. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Aliniambia, "Mzee, fungua kile kitabu tena."

Basi tulikifungua. Nilisoma ukurasa wa arobaini na moja, polepole, kama ulivyoniagiza tangu Februari. Kisha nikasoma mpaka mwisho, ambapo sikuwahi kufika, maana nilikuwa na haraka ya kuomba. Niliona jinsi orodha ilivyofungwa. Niliona sare ilivyomwia fupi akiwa bado na mtoto wa watu mgongoni, na baba yake bado anasoma "mimi ni mzima."

Nilimwita yule baba mjinga. Hilo neno nimelila mwenyewe, na halijashuka mpaka leo.

Mwisho wa kitabu haukunipendeza. Kama ni kweli mtu hubuni tu, basi hata mimi naweza kubuni, na hii ndiyo kazi yako ya shule. Matron atanisamehe kama ni ndefu.

Uliuliza, kama ningekuwa baba yake Nyakio ningefanya nini. Nisingemwandikia mkuu wa bweni, maana wa kusoma barua ni yeye yule. Nisingemuuliza mtoto, "Je, ni kweli?" Ningeenda kwa bwana stesheni masta, nimwombe ruhusa ya siku moja na karatasi ya kupita. Miaka kumi na tisa sijaomba, asingeninyima. Ningepanda gari la mizigo la Jumatano, tarehe ishirini na nne, siku mbili kabla ya orodha kufungwa. Gari hilo huingia Nakuru saa nne asubuhi. Kutoka stesheni kwa miguu, na mguu wangu huu, weka saa nzima.

Nyakio naye angefanya mambo mawili tu. Angevaa sare yake, hata kama ni fupi. Na angemlaza mtoto wa watu kitandani kwa mama yake, kwa upole, maana kitoto hakina kosa, kisha aende akangoje. Asingojee pale mlango wa jikoni. Angoje mlango wa mbele, ule wanaoingilia wazungu na Bwana Mkuu, aketi kwenye ngazi.

Hiyo ndiyo hadithi yangu. Haijapigwa chapa. Muulize mwalimu yeyote aliyebaki kama inafaa kwa vijana.

Watu wa landi sikuwaambia kwamba Nyakio hayuko. Jumapili hii tumemwombea tena, nami nilisali kwa sauti kuliko wote.

Baba yako,
Micah arap Ng'eno

*

Nakuru, kwenye ngazi,
Jumatano, 24 Julai 1957

Baba yangu,

Hujambo? Mimi si mzima. Hii ndiyo barua ya kwanza mwaka huu ninayoandika bila kusomwa, kwa hiyo nimeanza na hilo. Sitaiposti. Nitakupa mkononi.

Matron aliisoma yako yote. Alisema angalau sasa umeelewa riwaya ni nini, akanirudishia, akaniambia nikaoshe chupa.

Mwanzo wa mwaka Matron alinitoa darasani siku mojamoja, lakini tangu Machi, Bi. Eucabeth alipoondoka, sijakaa darasani kabisa. Nambeba mtoto wa Matron kutwa nzima, na Bwana Mkuu huambiwa mimi ni mgonjwa. Madaftari yangu aliyachukua, akasema mtumishi hahitaji daftari. Karatasi nilikuwa nabandua kwenye makopo ya maziwa ya mtoto huyo, yale yenye picha ya kitoto. Bi. Eucabeth ndiye aliyenichagulia kitabu kile. Alikuwa ameanza kuona. Aliniambia, "Kama huwezi kusema, tuma." Nilituma, na wewe ukaanza kumwombea Nyakio, na baba, nisamehe, kuna usiku nilimwonea wivu. Watu wote wa landi walikuwa wanamwombea yeye, na mimi hakuna aliyejua.

Nimevaa sare. Inaishia juu ya magoti. Mtoto nimemlaza, nimemfunika. Saa nne gari lilipiga honi, nikatoka.

Sasa ni karibu saa tano. Mwalimu mmoja amepita akaniuliza nafanya nini kwenye ngazi hizi, nikamwambia nangoja mgeni. Ndani mtoto ameamka, analia. Matron ameita jina langu mara tatu. Sijaitika. Naandika kwa haraka, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi.

Labda stesheni masta amekunyima ruhusa. Labda askari wa reli wamekushusha Njoro kwa sababu ya karatasi. Au labda ilikuwa ni hadithi tu, kama ulivyosema, na mimi ndiye mjinga sasa. Nimehesabu milango ya landi mara mbili.

Baba, kuna mtu langoni. Ana kofia ya reli, anachechemea, na amebeba kitabu kwapani. Bawabu anamwonyesha kwa kidole njia ya kuzunguka nyuma, ya mlango wa jikoni, wanakopitia watu wetu wote. Mtu huyo anatikisa kichwa. Bawabu anaonyesha tena. Mtu huyo amevua kofia, amemsalimu kwa heshima, na anakuja moja kwa moja kwenye ngazi.

Naacha kuandika hapa.

Mtoto wako,
Chepkurui