Bao la Nambari Nane

Kajaani,
16 Aprili 2019

Mpendwa Mjomba Tauno,

Pokea salamu zetu nyingi. Goti lako linaendeleaje baada ya upasuaji? Na huko Kanada, barafu ya ziwani imeanza kuyeyuka? Sisi ni wazima, ila mimi usingizi umeniruka tangu Jumapili.

Najua unataka matokeo kwanza. Mashindano ya hoki ya barafuni ya wasichana ya mataifa manne tumeyatwaa! Katika fainali tuliwafunga Wacheki mabao matatu kwa mawili. Waswidi wakawa wa tatu, baada ya kuwachapa Waslovakia manne bila.

Mimi nilikuwa karani wa meza, kwa mara ya kwanza. Kazi yangu ni kuandika wafungaji. Mama Raili, msimamizi wetu, hukaa juu akitazama marudio kwenye runinga, kisha ananitajia nambari ya jezi kwa simu. Bao letu la tatu lilipoingia, ukumbi ulilipuka. Nikasikia “kaheksan”, nikaandika nane: Saimi. Bila bao hilo, kombe la mfungaji bora lingekuwa la Mcheki mmoja. Jina la Saimi likatangazwa. Bibi yake akalia kwa furaha jukwaani.

Mechi ilipokwisha, Mama Raili akashuka mbio.

“Ilari, umeandika nini? Nilisema yheksän! Tisa! Masikio umeyaweka wapi, mwanangu, ndani ya hiyo kofia?”

Wajua mwenyewe, tukiyatamka haraka maneno hayo ni pacha. Mwamuzi alikwishashika kalamu, na akitia saini karatasi haibadilishwi tena. Tisa naye ni wa timu yetu. Ushindi ungebaki palepale. Nani angejua? Nikaona kibarua changu kimeota nyasi. Hata hivyo nikasema, “Samahani, mwamuzi, nimekosea.”

Matokeo yakatangazwa upya mbele ya ukumbi mzima. Kombe likaenda kwa Mcheki. Jinsi yule bibi alivyonitazama, sitaki hata kusimulia.

Kisha Saimi akaja mezani. Nikainamisha kichwa.

“Kaka, mimi kile kisahani cha mchezo sikukigusa bao lilipoingia,” akasema. “Nilikuwa nangoja nione kama mtagundua.”

Akaenda zake. Sijaambiwa bado kama nitaikalia meza ile tena, lakini ajabu ni kwamba silo linaloninyima usingizi. Mjomba, wewe ulilinda lango miaka kumi na miwili, unawajua wachezaji. Nieleze: ningenyamaza, angesema?

Nisalimie mkeo Elna na binamu Arvi. Mama anawakumbuka kila siku. Mungu awape afya na siku zenye jua.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye daima,
Ilari