Alama Iliyobaki Begani

Wajina wangu Kamau,

Huku Nakuru tuko salama. Shosho, bibi yako, amevuna viazi, anavisifu kuliko anavyonisifu mimi. Nami, ujue, ndiye niliyekuwa mwanajeshi mtanashati kuliko wote kambini. Haya, nimedanganya: nilikuwa fundi wa cherehani pale nje ya lango, na sare za wenyewe nilizivaa wakichelewa kuzichukua.

Unauliza kama lazima utoe beji ya kikosi chako cha zamani, kwa vile umehamishwa. Koplo mmoja aliwahi kuniletea shati kwa shida hiyo hiyo.

“Sheria ni kikosi kipya, beji mpya,” akasema. “Itoe, fundi, lakini polepole.”

Nikafumua. Shati lote lilikuwa limepauka kwa jua, ila chini ya beji kitambaa kilibaki kipya, na umbo lake likaonekana wazi. Ile mpya ilikuwa ndogo, haikulifunika. Nikamwambia nitaweka kiraka.

“Wacha,” akasema, akilipapasa. “Alama hiyo hakuna sheria inayoikataza.”

Basi toa, wajina. Lakini hiyo mpya usimpe fundi mwingine. Njoo nayo likizo, unitilie uzi kwenye sindano. Macho yangu yamegoma, na suruali zako za shule nilizoshona hujanilipa hata asante.

Babu yako, Guka