Vifuniko vya Masikio ya Mzee Were

Kawangware,
Nairobi.
14 Oktoba 2007

Mpendwa Dada Rael,

Kabla hujakaa vizuri, jua kwamba anayekuandikia ni mtu ambaye akianza kazi asubuhi, vikombe vya matajiri wa Muthangari hucheza ngoma kabatini. Sisemi uongo. Nina tani kumi za chuma chini ya makalio yangu, na barabara yenyewe hunilalia. Yule binamu yako Tobias uliyemwacha akirudia darasa la saba sasa ni dereva wa rola.

Lakini hujambo? Shemeji Lenox hajambo? Mtoto Philister ameota meno mangapi? Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa jambo moja ambalo nitalifikia.

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini kila Jumapili ukipiga simu baba yako Mzee Were husema "haya, haya, sawa" kisha ananipa mimi. Hata siku Philister alipomwita babu yake "kuka" kwa mara ya kwanza, Mzee alisema tu "haya, sawa", nawe ukalia. Unadhani bado ana kinyongo kwa sababu uliolewa huko Gaborone kabla ng'ombe hawajafika kwetu. Tena umeapa kwamba hutakuja Krismasi kumlazimisha kukutazama. Nitakujibu, ila niache nianzie kazini, maana jibu liko huko.

Mzee ndiye aliyeniingiza kwenye rola hii, tukawa tunapokezana. Mashine yenyewe haina huruma. Ukishuka, mikono inaendelea kutetemeka peke yake. Chai unakunywa nusu, nusu inanywewa na shati. Ndiyo maana fomeni wetu, Mwololo, aliweka sheria: mtu asikae juu muda mrefu bila kumpisha mwenzake, avae glavu, na azibe masikio kwa vile vifuniko vikubwa vyenye sponji ndani. Tulikuwa na vifuniko vya mtu mmoja tu. Aliye juu ndiye anavaa.

Mimi nikilalamika mgongo, na nililalamika sana, Mzee alikuwa akinihurumia na kupanda hata kwenye zamu yangu.

Sasa sikia akili ya ndugu yako. Nilivitazama vile vifuniko nikaona redio. Nikashuka River Road, nikapata spika mbili ndogo, nikang'oa sponji yote, nikazichomea mle ndani. Sponji nilipigia viatu rangi. Nikawa nalaza kokoto huku nasikiliza mpira, na vijana wa saiti wakaniita injinia. Zamu yangu ikiisha, nazima redio, nampa Mzee vifuniko. Hakuna aliyeuliza sponji imeenda wapi.

Siku moja Mzee akaniambia, "Tobi, hii kitu siku hizi inapitisha kelele yote."

"Si hii kitu, Mzee. Ni masikio imezeeka. Hata bawaba ya mlango ikizeeka hupiga kelele."

"Mjinga wewe," akasema akicheka, akavaa, akapanda.

Baadaye akaanza kufungulia televisheni mpaka jirani anagonga ukuta. Kanisani anamaliza wimbo peke yake, kwaya imeshakaa. Sote tulicheka, na mimi nikiongoza.

Kwa hiyo, dada, hana kinyongo. Hasikii. Sauti yako kwenye simu anaisikia kama inzi ndani ya kopo, na anaona haya kukuambia. Ukikata tu ananivuta: "Amesema nini? Mtoto amepona kikohozi?" Ng'ombe alishawasamehe zamani. Picha ya Philister ameibandika ndani ya kofia yake ya kazi, na sasa Mwololo amemtoa kwenye mashine akampa kazi ya stoo, kazi yake kubwa ni kuwaonyesha watu hiyo picha.

Njoo Krismasi, tafadhali. Usimwite kutoka nyuma. Simama mbele yake, sema polepole, umpe mtoto ampakate. Kwa sasa mwandikie kwa herufi kubwa.

Msalimie Shemeji Lenox, umwambie ng'ombe wanaotembea polepole hivyo watafika wakiwa na wajukuu. Rafiki yako Jacklyne anakusalimu, anauliza kama bado una kile kitambaa chake. Mungu awafunike nyote, na asimwache mtoto.

Hapa ndipo nilitaka kutia sahihi. Nimeshika kalamu muda mrefu.

Mwololo alitutuma kwa daktari wa masikio. Mzee alibeba vile vifuniko mfukoni, aonekane ni mtu wa kufuata sheria. Daktari akavipokea, akavichokora, akatoa spika yangu na waya wake. Akasema, "Huyu alikuwa anafanya kazi masikio wazi. Kilichokufa humo hakirudi. Nani alitoa sponji?"

Mzee hakusikia hata neno. Alinigeukia. "Amesema nini?"

Nikamwinamia sikioni, nikapaza sauti, daktari akinitazama. "Anasema ni uzee, Mzee."

Akacheka, akanipiga bega. "Basi wewe uliona mapema kuliko daktari."

Tangu siku hiyo anawasimulia watu wote wa ploti kwamba mtoto wa ndugu yake ana akili ya daktari. Akianza hadithi hiyo, mimi hutoka nje. Nimejaribu kumwambia ukweli, lakini kumwambia ni kupiga kelele, na Kawangware yote itasikia kabla yake. Itabidi nimwandikie kama ninavyokuandikia wewe. Bado sijaanza. Mzee hajui, na wewe ndiye wa kwanza kujua.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye, hata ukiisoma hii ukanichukia,

Tobias