Kifaa Kisichoona

Mwenzangu, uko? Usimpigie mtu simu, soma kwanza.

Leo hapa kiwandani vimeletwa vifaa viwili vya kurekodi ishara zinazoiamrisha mota ya ile mashine iliyomkata mumeo vidole. Bosi akasema nichague mimi, si mimi ndiye fundi.

Cha kwanza kinapima mara elfu kumi kwa sekunde. Nimekiunganisha, mashine imetulia, hakuna mtu karibu, mara kioo kikaonyesha amri ya kuwaka. Kufumba na kufumbua ikapotea, ila alama yake ikabaki kwenye kioo. Hakuna aliyegusa kitufe. Nakwambia hakuna.

Bosi akauchomoa waya kwa mkono wake. Bosi huyu huyu ambaye hata balbu ikiungua anaita fundi.

Eti, "Hicho kinachanganya watu, chukua kile kingine." Kile kingine kinapima mara moja kwa sekunde. Kitaona nini?

Halafu akanisogezea karatasi. "Andika kwamba wewe ndiye umekichagua." Kwa upole. Upole huo kauanza lini?

Nimemwambia nakwenda chooni. Ndiko niliko.

Kile kioo nilishakipiga picha kabla hajauchomoa waya. Sasa niambie, ile barua ya Bosi ya kukiri kwamba alibonyeza kitufe mwenyewe, mumeo ameshatia saini?