Mikono Yako Haikutetemeka

Fundi wangu, Baba Hansa,

Nimechoka. Leo duka nimelifungua nimechelewa, maana kutoka Kimisagara kuja mjini nimesimamishwa kwenye vizuizi viwili vya barabarani. Askari anasoma kabila kwenye kitambulisho, anakurudishia bila kukutazama usoni. Kabla moyo wako haujasimama kizuizi kilikuwa kimoja, nawe ulikuwa ukinitania: "Saidi, hapa iko sawa na kule kwetu, ila kule hakuna karatasi."

Kijiji chenu cha India nakijua kana kwamba nilizaliwa huko. Ulikichora kwa chaki juu ya meza ya kukatia: wenye mashamba katikati, karibu na hekalu, wafinyanzi upande wa bwawa, wafumaji, kinyozi mmoja, Waislamu wachache wasokota kamba. Halafu nje kabisa, ng'ambo ya uzio wa miiba, watu wa ngozi, wanaochuna ng'ombe waliokufa. Wewe ulikuwa mtoto wa hao. Kamba ya kisima hamkuruhusiwa kuigusa. Mlimngoja mtu wa katikati awamwagie maji mikononi. Binti yako Hansa akiingia, ulikuwa unafuta kijiji kizima kwa kiganja.

Uliposhuka Mombasa ulisema wewe ni wa ukoo wa washonaji. Wahindi wenzako wakakubali, na kushona ukajifunza baadaye, mbio mbio. Siku uliyonisimulia tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini kiu ilikushinda, mzee. Miaka yote, nikikuletea kikombe, ulikinga mikono na kusema, "Mwaga."

Sasa sikiliza. Mama wa yule kijana wa Kihindi atakayemuoa Hansa alikuja kutoa pole. Hansa akiwa ndani anachemsha chai, mama yule akanisogelea kwenye cherehani. Aliwahi kukuona kutoka mlangoni. "Mzee ilikuwa nakunywa maji kwa mikono. Sababu gani?" Aliuliza taratibu, ila macho hayakuwa ya msiba. Nikajua harusi yote iko mdomoni mwangu. Na Hansa, maskini, hajui lolote.

Nikamwambia: mama, mzee alikuwa anatetemeka mikono, kikombe kilikuwa kinamponyoka.

Nisamehe. Wewe, uliyekuwa ukitunga uzi sindanoni bila miwani! Mama yule akashusha pumzi, akanywa chai yake, akaenda. Harusi ipo. Lakini maneno yana miguu. Wateja wako wa mtaa wa Remera sasa wanasema, kumbe ndiyo maana suruali ya mwisho inabana. Matumbo yao yameongezeka, lawama kwako. Inaniuma kweli.

Tena kuna ile hariri nyekundu ya harusi. Uliikata wewe, wiki yako ya mwisho, mkasi ukipita bila kusita hata mara moja. Mikono inayotetemeka haiwezi kukata vile. Basi nimesema nimeikata mimi. Wanawake wanaipapasa, wanasifu mkato, wananiita fundi mkubwa. Kufa kufaana, ndivyo wasemavyo watu. Mimi sikuutaka ukubwa huu.

Pumzika, Baba Hansa. Kwaheri. Nakuahidi nitaishona polepole, nisiupinde mstari wako popote. Na siku ya harusi, watakaponipongeza mbele ya Hansa, nitainamisha kichwa na kusema asante.

Mwanafunzi wako,
Saidi