Kalavati Lililo Juu ya Shamba Lako

Mzee Boay,

Shikamoo. Usipoitikia sitakulaumu, hata ulipokuwa foromani wetu ulikuwa unaitikia kwa kuguna tu. Ni mimi Petro wa greda, dereva pekee wilaya nzima anayeweza kusawazisha barabara huku anatafuna hindi la kuchoma. Nimefika Mombasa, nimefika Lusaka, na Wazungu wamenipigia makofi pale juu getini Ngorongoro. Darasa la saba nililimaliza, karibu. Lakini leo nakuandikia nimejaa kinyaa, na nusu ya kinyaa hicho ni mimi mwenyewe.

Tangu tukuzike pale shambani kwako, chini ya barabara ya Buger, ofisi yetu imekuwa safi mno. Sakafu ina vigae. Karakana ambako ulitufundisha kuwasha tipa lisilo na starta imewekwa maua kwenye makopo, na greda langu liko juu ya mawe mwezi wa tatu linasubiri tairi. Tumeletewa msimamizi mpya, kijana wa watu, kizibao chake cha kung'aa hakijawahi kuona tope. Barabara anaikagua kwa simu. Anashusha kioo cha gari, anapiga picha mdomo wa kalavati, kioo kinapanda. Kazi imekwisha.

Wewe ulikuwa unasema, "Kalavati halikaguliwi kwa macho, linakaguliwa kwa tumbo." Kila mwaka kabla ya vuli ulikuwa unavua shati, unalikunja, unaliweka juu ya jiwe, unaingia upande huu na jembe lako fupi, unatokea upande wa pili umefanana na ngiri. Siku ya kwanza uliponitanguliza mimi nikakutana na kenge, nikarudi kinyumenyume mbio kuliko nilivyoingia. Wewe ukaguna tu. "Kenge amepita, basi na maji yatapita." Ila fomu hukusaini mpaka mtu naye apite.

Mwaka huu, vuli ikikaribia, tukaambiwa kuna mkubwa atapita barabara ile. Amri ikatoka: mitaro ifyekwe, makalavati yapakwe chokaa. Mimi nikashika ndoo. Ndoo zangu unazijua, naziandika PETRO MKALI kwa rangi nyekundu ili wezi wa karakana waone haya. Tukafika kalavati lililo juu ya shamba lako. Nikainama na brashi, nikachungulia. Tope limefika zaidi ya nusu, mabua ya mahindi yamejazana. Niliona, Mzee. Sitakudanganya kwamba sikuona. Nikajiambia tumbo langu la siku hizi haliingii mle. Kijana naye akasema, "Mzee Petro, mgeni hapiti ndani, anapita juu." Tukacheka wote, mimi nikacheka kuwazidi. Nikapaka mpaka kuta zikang'aa kama meno ya bwana harusi, ndoo tupu nikaitupa mtaroni, nikasaini kwamba nimekagua.

Mkubwa alipita. Vioo vya gari lake vyeusi, tena vimefungwa.

Halafu mvua. Wala haikuwa mvua ya ajabu, ni ile ile uliyokuwa unainusa kutoka upande wa Oldeani ukatuambia tufunike saruji. Maji yakakuta mlango umefungwa, yakapanda barabarani, yakashukia kwako. Yakazoa maharage yote, yakafukua kona ya kaburi lako mpaka msalaba ukalala. Mama Paskali mkeo alinipigia simu asubuhi. Hakulia. Alisema, "Baba Neema, mzee wako amelowa."

Chai ilinishinda.

Ofisini wakaandika taarifa: mvua kubwa isiyo ya kawaida. Kisha wakatuma watu kupaka chokaa upya, maana tope lilichafua ile ya kwanza. Shamba la watu limekwenda na maji, wao wanahurumia chokaa. Ningekuwa na mate ya kutosha ningeitemea karakana nzima, kuanzia kwenye yale maua.

Jumamosi nikaenda peke yangu. Jembe lako fupi bado liko nyuma ya mlango wa nyumba yako, Mama Paskali alinipa. Nikavua shati, nikalikunja, nikaliweka juu ya jiwe. Nikaingia. Katikati nikanasa. Mbele haiendi, nyuma hairudi, miguu yangu iko nje kama ya kuku sokoni. Majirani wakajaa kuangalia, mmoja akauliza wanivute au waniache niwe kizibo. Nikamsikia mama, "Mwacheni. Huyo kuziba amezoea."

Hapo nikajua kwamba anajua.

Nikachimba nikiwa nimelala, tope mdomoni, mpaka jembe likagonga plastiki. Nikavuta. Ilikuwa ndoo, Mzee. Maji ya kwanza yaliisukuma mle, ikaziba hata ile nafasi ndogo iliyokuwa imebaki. Rangi nyekundu haijafutika hata herufi moja. PETRO MKALI.

Nilitokea upande wa pili nimeikumbatia. Nikakaa kwenye tope nikamweleza mama yote, chokaa, fomu, kicheko. Aliigeuza ndoo, akakung'uta tope. Akasema, "Basi ndoo unayo. Kachote mchanga." Jioni ile ile tukakusimamishia msalaba wako, na ndoo ilikuwa hiyo hiyo.

Jumatatu nikaletewa fomu za makalavati mengine, ya kuelekea Endabash na Mang'ola. Kwenye kila moja nikaandika: Sijapita ndani. Kijana akaniambia mkataba wangu hauna mizizi. Nikamjibu hata Lusaka wananitaka. Uongo, Lusaka nililala siku mbili tu, moja nikiwa mgonjwa wa tumbo. Naogopa, Mzee. Neema yuko kidato cha tatu. Lakini sikufuta.

Basi lala. Wakinibakiza kazini au wakinifukuza, kila mwaka kabla ya vuli nitapita kwenye kalavati lako kwa tumbo, na ugali wa usiku nimeshaanza kuupunguza. Ukisikia mtu anakohoa na kutukana huko juu ya kichwa chako, usiamke. Ni mimi nimenasa, na mama ameshika miguu.

Wako,
Petro