Nafasi Moja Darasa la Pili

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni. Mvua imekatika sasa hivi. Ilianza saa nane kamili kama kawaida yake huku kwetu Roret, na majani ya chai bado yanadondosha maji. Nimejifunika shali, miguu iko karibu na jiko, na simu hii naibonyeza kwa kidole kimoja. Mwanangu aliponifungulia ukurasa huu aliniambia niandike chochote kilicho moyoni. Leo kipo.

Asubuhi tulienda kumwona mjukuu wangu Chebet akifunga gredi ya kwanza. Amevaa joho! Joho jeusi na kofia ya pembe nne, miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo. Amepewa na cheti kwamba amehitimu. Amehitimu nini, Mungu ndiye ajuaye, maana juzi tu alikwenda kanisani amevaa viatu kinyume. Nilipiga makofi na vigelegele kuliko mama yake, halafu nikajikuta natokwa na machozi, na watu wakafikiri ni furaha ya nyanya.

Nilikuwa nawakumbuka wangu.

Niliwafundisha darasa la kwanza mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Sikuwa nimesomea ualimu. Nilimaliza kidato cha pili, nikapewa chaki na fimbo, nikaambiwa niingie. Shule ilikuwa ya udongo na mabati, mpakani, upande mmoja mashamba yetu madogo na upande wa pili shamba kubwa la chai. Watoto wa kwetu walitoka kwenye maboma yenye ng'ombe. Wengine walivuka mto kutoka laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi wa chai, na wengi wao walikuwa Wakisii ambao wazazi wao walikuja kutoka ng'ambo ya Sotik kuchuma majani.

Jamani, nawakumbuka. Nakumbuka harufu ya sweta zilizonyeshewa, zikikaukia mwilini. Nakumbuka vijiti vya kuhesabia vilivyofungwa kwa ukambaa wa mgomba, na yule aliyevitafuna hadi akabaki na kumi na vitatu badala ya ishirini. Mtoto wa darasa la kwanza huingia Januari akilia anataka mama, na Novemba hulia tena kwa kuwa anakuacha. Mwaka ule wangu walikuwa arobaini na mmoja. Niliwajua wote kwa kikohozi.

Hadithi ya Kemunto nimeisimulia kwa zaidi ya miaka hamsini. Nimeisimulia harusini, nimeisimulia kwa kina mama wa kanisa, niliisimulia hata siku ya kustaafu kwangu. Watu hushika mbavu. Lakini kuna sehemu moja ambayo huwa nairuka, na leo sitairuka.

Kemunto alikuwa mtoto wa laini, mdogo wa umbo, mweusi tititi, mwenye nywele nyingi. Alikuwa namba moja darasani muhula wa kwanza, wa pili na wa tatu. Alisoma hata maandishi ya gunia la chumvi. Baba yake alikuwa mpogoaji wa michai, mtu mpole, naye alinijia wiki ya mwisho akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi nilisema mwaka moja tujaribu," aliniambia. "Akipanda, ni sawa, ataendelea. Lakini akirudia, hapana. Mama yake iko na mtoto mchanga, na kazi ya chai haingojei mtu. Atashika mtoto."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, huyu ni namba moja.

Kumbe sikuwa nimemsikia mwalimu mkuu vizuri. Darasa la pili lilikuwa na madawati ya watoto thelathini na watano tu, na wangu walikuwa arobaini na mmoja. Sita lazima wabaki. Mwalimu mkuu wetu hakuamini namba. Aliamini sikio. Siku hizo hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo umri wa mtoto ulipimwa kwa mkono: unaupitisha juu ya utosi, ukishika sikio la upande wa pili umefika umri wa shule. Kwa kawaida tuliwapima Januari wakiingia. Yeye alisema wengine waliingizwa wachanga, basi watapimwa tena wakipanda.

Jumatano akawapima wote. Thelathini na wanne wakashika sikio. Watano hawakukaribia hata kidogo. Wawili waliobaki walikosa kidogo tu: Kemunto, na msichana mwingine aitwaye Cherono.

"Nafasi ni moja," akasema mwalimu mkuu. "Hao wawili nitawapima Ijumaa mbele ya wazazi. Atakayeshika, aende."

Cherono ndiye niliyekuwa nikimruka. Alikuwa mtoto wa kwetu, wa boma la tatu kutoka kwa baba yangu. Hakuwa namba moja wala namba ya mwisho. Alikuwa wa kumi na tisa, mtulivu, aliyefuta ubao bila kuambiwa. Ukimwita alikuja, usipomwita alikaa. Na jambo ambalo sijawahi kulisema harusini ni hili: siku ile ya Jumatano, kidole cha Cherono kilikuwa karibu na sikio kuliko cha Kemunto.

Alhamisi, wengine walipokwenda nyumbani, nilimzuia Kemunto. Nilikuwa nimefikiri usiku kucha. Mkono hauwezi kurefuka kwa siku mbili, lakini kichwa kinaweza kupungua. Nilikuja na wembe mpya na kipande cha sabuni, nikamkalisha nyuma ya darasa juu ya debe, nikamnyoa nywele zote hadi kichwa kikang'aa. Hapo ndipo watu hucheka. Nami mwenyewe nilicheka, na Kemunto alicheka, akijipapasa. Kisha nikamfundisha kuinamisha shingo kidogo, si sana, kiasi cha mtu aliyeitwa na jirani. Akajaribu. Kidole kikagusa ncha ya sikio. Tukarukaruka pale nyuma kama wendawazimu.

Ijumaa asubuhi tulipaka sakafu mavi ya ng'ombe, kama tulivyofanya kila tulipofunga shule, ili vumbi na viroboto visitawale likizo nzima. Wazazi wakaja, wakasimama uani. Cherono alikuja amependeza. Mama yake, kwa kuwa ni siku kubwa, alikuwa amemchana nywele kwa mafuta hadi zikasimama juu vizuri, na kumfunga kitambaa kipya cha rangi ya samawati.

Niliziona zile nywele. Niliziona, nikajua zitafanya nini, na nikanyamaza.

Cherono aliitwa kwanza. Alinyoosha mkono, akasimama wima kama nilivyowafundisha wote kusimama, na kidole kikakwama kwenye nywele. Alijinyoosha hadi mguu mmoja ukanyanyuka. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa. Akaja Kemunto na kichwa chake cha yai, akainamisha shingo, akashika. Makofi. Baba yake alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena, hakujua aifanye nini. Cherono hakulia. Alinitazama tu. Nilifikiri anataka kubembelezwa, kwa hiyo nikampa peremende.

Kemunto alipanda na akaendelea kupanda. Alifika sekondari, na miaka mingi baadaye alirudi huku akiwa karani wa kupima majani kwenye kituo chetu cha kununua chai. Mkali! Mimi niliyemnyoa alinikatalia majani mara mbili kwa kuwa yalikuwa yamekomaa, na hakupepesa macho. Niliona fahari isiyosemeka.

Cherono alirudia. Alikaa kwangu mwaka wa pili, akafuta ubao. Akapanda pole pole, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Wenzake walipofanya mtihani wa darasa la saba, yeye alikuwa la sita, na Desemba hiyo baba yake alikubali posa. Akaolewa papo hapo kijijini. Mtihani hakuufanya.

Mwaka mmoja tu.

Huyu Cherono ndiye anayeniletea maziwa. Kila mtu humwita Mama Kibet. Ni mimi peke yangu ninayemwita Cherono. Kila jioni kwa miaka kumi na minne, saa kumi na nusu, iwe mvua, isiwe mvua, anaingia na mkebe wake, ananiamkia, tunakunywa chai kikombe kimoja, anaondoka. Maziwa yake hayana maji. Watu husema kwamba mtoto uliyemfundisha akikupenda kiasi hicho ujue ulifanya kazi njema, nami nimewaacha waseme.

Leo alipoingia, Chebet alikuwa bado na joho lake, akizunguka sebuleni. Cherono akalishika lile joho, akalipapasa upindo, akauliza ni la nini. Nikamweleza. Akasema, "Siku hizi wanapita wote?" Nikasema ndiyo, siku hizi wanapita wote. Akaitika tu, akaketi.

Sijui ni nini kilichonisukuma. Labda ni lile swali. Nilimtuma Chebet nje, nikamwambia Cherono yote: wembe, sabuni, debe, shingo, na nywele zake nilizoziona nikanyamaza. Nilisema haraka haraka, kwa lugha ya kwetu, bila kumtazama. Nikasema ile nafasi ilikuwa yake.

Alikuwa akipoza chai kwenye kisahani. Aliinywa kwanza.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Siku ile nilisahau sweta, nikarudi. Niliwaona."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Hata mama yake?

"Ningemwambia nini? Nilifikiri unatunyoa wote wawili. Nilikaa pale pembeni mwa ukuta nikifikiri ukimmaliza yeye utaniita mimi. Nikafungua nywele kabisa, nikawa tayari." Alitabasamu kidogo, akiitazama chai. "Halafu ukafunga wembe kwenye karatasi, ukaenda nyumbani."

Nilitaka angalau anilaumu, nipate pa kujitetea, kwamba baba wa Kemunto alikuwa ameshasema, kwamba yule alikuwa namba moja, kwamba mimi nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Yote ni kweli, na hakuuliza hata moja. Alisuuza kikombe chake mwenyewe kama siku zote, akachukua mkebe mtupu, akachungulia nje kama mvua imepungua.

Nimeona haya. Nimeona haya leo kuliko siku yoyote niliyosimama mbele ya darasa. Wembe nilikuwa nao, sabuni ilibaki, na jua lilikuwa bado liko juu. Ningewanyoa wote wawili, mwalimu mkuu akapambana na dawati lake moja. Jambo dogo hivyo halikunijia akilini, kwa kuwa mtoto mmoja nilikuwa nimekwisha kumchagua, na mwingine alikuwa mtoto wa kukaa asipoitwa.

Mlangoni alisema kesho atachelewa, daktari wa ng'ombe anakuja. Na achelewe. Mimi nitakuwa pale mlangoni tangu saa kumi, nikimngoja.